Nafasi Tupu Katika Ushairi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufunzwa kuhesabu mizani na kutambua vina. Ni nadra kufunzwa kuitazama nafasi tupu iliyo baina ya maneno. Jambo hili lilinidhihirikia nilipokuwa nikikusanya tungo za wazee wa Msambweni kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili.

Mzee mmoja alinikabidhi daftari lake la nyimbo. Hakutumia mkato kutenga ukwapi na utao. Aliacha nafasi pana tu. Wimbo wa kijadi huwa na mishororo mitatu ya mizani 12, nayo mizani hiyo huweza kugawika 6 kwa 6 au 4 kwa 8. Hivyo basi, kuhesabu peke yake hakutoshi; nafasi ile ndiyo iliyomwonyesha msomaji mahali pa kutua.

Nyimbo hizo zilipigwa chapa katika duka moja la Ukunda, karibu na Diani, kisha nikazihifadhi katika TeX, mfumo wa kupanga chapa ulioanzishwa na Donald Knuth mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa kawaida, TeX huhesabu nafasi nyingi zinazofuatana kuwa moja, na mwisho wa mstari nao huuhesabu kuwa nafasi. Matokeo yake ni kinyume cha haja ya mshairi. Kituo chake hupotea, ilhali nafasi iliyozaliwa mpigaji chapa alipoanza mstari mpya husalia pembeni mwa kipande kilichohifadhiwa. Kipande hicho kiwekwapo katika kisanduku chake, nafasi hiyo hukisukuma, na vina havilingani wima.

Tiba ipo. Amri ya \ignorespaces huruka nafasi za mwanzoni, \unskip huondoa ya mwishoni, na alama ya asilimia mwishoni mwa mstari huizuia nafasi isizaliwe. Hata hivyo, hakuna amri inayojua ipi ni ya mpigaji chapa na ipi ni ya mshairi. Kwa hiyo nilimrejea mzee na daftari lake, nikamsomea kila mshororo, naye akanionyesha vituo. Nikavitia mikato, kama ilivyo desturi ya diwani zetu. Hapo ndipo nilipoziondoa nafasi zilizozidi bila hofu.

Wenzangu mnaokusanya tungo, tieni alama kwanza, ndipo msafishe. Mtunzi akishafariki, hatakuwapo wa kuulizwa kama mshororo ulikuwa 6 kwa 6 au 4 kwa 8.