Chuma Changu, Ng'ombe wa Mwenzangu

Nilimwita mzee wa watu mwizi, hadharani, siku ya mnada. Hakuwa ameniibia kitu. Ng'ombe walikuwa wake. Alama niliyoitoa kama ushahidi niliibuni mwenyewe, nikamlipa fundi, nikajisifu nayo kwa majirani. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Mimi ni mwalimu, nakaa Mwanza mjini, na ng'ombe wangu wako Misungwi kwa mdogo wangu. Watu wa aina yangu tuko wengi Kanda ya Ziwa. Tunawajua ng'ombe wetu kwa idadi, na wanaowachunga wanawajua kwa sura. Mdogo wangu akinieleza habari za zizi husema, "Yule mtoto wa mwekundu mwenye pembe iliyoshuka amezaa," nami huitikia "ehee" bila kujua anamzungumzia nani. Sikuona hilo kuwa tatizo. Niliamini kwamba ukiweka alama nzuri isiyofutika, huna haja ya kuwajua ng'ombe wako.

Marehemu baba alikuwa akikata ncha ya sikio la kushoto la kila ndama. Niliidharau njia hiyo tangu ujana. Sikio hukatwa na miiba, huliwa na kupe, na mwizi mwenye wembe huongeza mkato wake juu ya wako, ikawa alama nyingine kabisa. Nilipoanza kununua mitamba yangu nilitaka kitu cha kisasa, nikaanza kulinganisha njia moja baada ya nyingine.

Na hapo ndipo ngamia walipoingia. Nina rafiki, Msomali wa Garissa, aliyekuwa akiendesha lori la mafuta hadi Mwanza. Kwao ngamia ndiyo benki. Alinieleza kwamba hereni ya utambuzi haikai vizuri kwa ngamia: masikio yake ni madogo, na mnyama huyo hula migunga siku nzima, kichwa kikiwa ndani ya miiba, kwa hiyo hereni hunasa na kuchanika pamoja na sikio. Wao hutumia chuma cha moto. Alama huchomwa shingoni, shavuni au pajani, na ngamia huishi nayo hadi anakufa, hata akifika miaka 30. Nikasoma pia habari za Uarabuni, ambako ngamia wa mbio huwekewa kichipu chini ya ngozi ya shingo, kidogo kama punje ya mchele, chenye namba ya tarakimu 15. Kuna pia chapa ya baridi: chuma huchovywa kwenye naitrojeni kimiminika, ile ile wanayotunzia mbegu watu wa uhimilishaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Chuma hicho huua rangi ya nywele, zikaota nyeupe. Ni nzuri kwa mnyama mweusi, lakini kwa mweupe haionekani vizuri. Kuna hata kidonge kizito cha kauri ambacho ng'ombe hukimeza, kikakaa tumboni na namba yake mpaka siku ya machinjio.

Njia zote hizo nilizipima kwa swali moja tu: itadumu? Kichipu kilihitaji kifaa cha kusomea, nami sikuwa nacho. Naitrojeni ningeipeleka kijijini kwa chombo gani? Kidonge hakionekani kwa macho. Chuma cha moto kilidumu, kilionekana kwa mbali, na kilikuwa cha bei ya nondo. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea Igoma, nikaagiza herufi mbili za jina langu: M.M.

Msomaji wa Usukumani ameshacheka. Masanja, Mabula, Maganga, Masunga, Makoye. Simama stendi ya Nyegezi uite "Masanja!" uone watageuka wangapi. Nami, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nilichagua M mbili nikidhani nimechagua kitu changu.

Hata kwa kazi ya chuma, M ni herufi mbaya, jambo ambalo fundi wa milango hakulazimika kulijua. Kwenye pembe zake nyembamba joto hujikusanya, ngozi huungua kupita kiasi, na mistari huungana ikawa doa. Wanaojua kazi huacha mwanya kwenye maungio. Huacha chuma kiive mpaka rangi ya majivu, wala si chekundu, hukigusisha kwenye nywele kavu kwa sekunde chache, kisha hukiondoa. Mimi niliagiza kiwe chekundu na kikandamizwe, nikidhani maumivu zaidi ni uhakika zaidi. Wengine walitoka na M.M., wengine na nguzo nne za uzio. Na niliwapiga pajani juu, mahali pakubwa, ili paonekane.

Kisha likaja agizo la serikali la kupiga chapa ng'ombe wote nchini, chini ya Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010. Kazi ilipamba moto mwishoni mwa 2017, na muda ukasogezwa hadi Januari 2018. Chapa ile ilionyesha wilaya na kijiji, na nyuma yake palikuwa na orodha kwa mtendaji wa kijiji. Niliwapeleka wangu wakapigwa, lakini kwa kununa. Nilimwambia mdogo wangu kwamba chapa ya serikali inasema ng'ombe anatoka wapi, na yangu inasema ni wa nani. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi. Niliipenda.

Mwaka uliofuata mitamba yangu miwili ilipotea malishoni. Tuliwatafuta bila mafanikio. Baada ya muda nikaenda mnadani, sikwenda kuwatafuta hasa, ila macho yalikuwa yakizunguka. Nikaona ng'ombe wanne wamefungiwa, na wawili kati yao walikuwa mitamba myekundu yenye M.M. pajani.

Sikuuliza. Nilipiga kelele. Nilimwambia mgambo amshike mzee aliyekuwa amesimama nao. Mzee alitoa kibali cha kusafirisha mifugo, kina mhuri. Nikasema vibali vinanunuliwa. Nilisema hivyo mbele ya wafanyabiashara, madalali, mama lishe na watoto wa shule, kwa sauti niliyozoea kuitumia kwenye darasa la wanafunzi wengi. Wakamkalisha chini.

Afisa wa mnada alikuwa mtu mtulivu. Aliniuliza ng'ombe wangu wana alama gani. Nikamwonyesha M.M. Akauliza, "Zaidi ya hiyo?" Nikamwambia hiyo inatosha, ni jina langu. Akasema jina lipo mnyamani, ameliona, yeye anamuuliza mwenye mnyama: mtamba wako ana nini kingine?

Nikampigia simu mdogo wangu. Akaanza kuuliza yeye. Mmoja ana baka jeupe nyuma ya mguu wa mbele? Nikatazama. Hana. Yule mwingine ana chuchu moja ya nyuma iliyokauka tangu alipoumwa? Nikainama, nikahesabu chuchu za ng'ombe wa mtu mbele ya umati, mwalimu mzima na miwani yangu. Zote nzima. "Pembe zimetazamana au zimeachana?" Zimeachana. "Basi kaka, hao si wetu," akasema.

Nilijua kabla hajamaliza. Nilijua pale aliposema baka, kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kuliona baka hilo. Nilikuwa nimewanunua mitamba wale, nikawachoma, nikawalipia dawa za kuogesha, na sikuweza kuwaeleza kwa sentensi mbili. Wangesimama mbele yangu siku hiyo bila alama, ningewapita.

Afisa akalowesha mkono, akalaza nywele kwenye chapa ya serikali ambayo sikuwa nimeitazama. Haikuwa ya Misungwi. Ilikuwa ya kijiji kimoja cha Kwimba. Akampigia mtendaji wa huko, naye akafungua daftari, akasoma jina la mwenye mali. Maneno mawili, yote yanaanza na M. Mzee naye alikuwa na kijana wake aliyekwenda kwa fundi.

Mzee aliinuka, akajipangusa vumbi. Hakunitukana. Alisema, "Mwalimu, wewe umesoma. Ungeisoma na hiyo nyingine."

Gharama ni hizi. Wazee wa pande zote mbili walikaa, nikatozwa mtamba mmoja, nikaomba radhi mnadani, mahali pale pale nilipotukana. Mitamba yangu miwili haikupatikana hadi leo, na siku niliyopoteza kumshikilia asiyehusika ilimpa nafasi aliyehusika. Nilipochinja dume mmoja baadaye, mnunuzi wa ngozi alinyoosha kidole kwenye paja lililounguzwa, akashusha bei, kwa kuwa hapo ndipo ngozi nzuri inapokatwa. Vijana wa mnada wananiita Emu Emu. Nimeshazoea.

Nilipomsimulia rafiki yangu wa Garissa, alishangaa kwamba nilishangaa. Alinikumbusha kwamba mwanzoni kabisa aliniambia chapa ya ngamia ni ya ukoo. Ngamia akipotea, anayemwona huisoma alama, hujua apelekwe kwa watu gani. Akifika kwao, hapo sasa mchungaji husema huyu ni wa nani, mama yake yupi, alizaliwa kiangazi kipi. Chuma hufikisha mnyama kwa watu, na watu ndio humfikisha kwa mwenyewe. Nilisikiliza nusu ya kwanza tu. Nikachukua chuma chao, nikaacha ukoo na mchungaji. Hata kile kichipu cha Uarabuni ni hivyo hivyo: kifaa husoma tarakimu 15 na basi. Kama tarakimu hizo hazijaandikwa mahali kando ya jina la mtu, umesoma namba ya simu isiyo na mwenyewe.

Baada ya hapo zikaja hereni za kielektroniki, 2021 na 2022, shilingi 1,750 kwa ng'ombe mmoja. Wafugaji walilalamika sana, na zoezi likasimamishwa kabla ya 2022 kwisha. Juni 2025 likarudi kwa sura nyingine, likiambatana na kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi. Mabishano yetu vijiweni ni yale yale niliyokuwa nayo mimi: inadondoka au haidondoki? Ni swali la haki, na hereni inayodondoka ni hasara. Ila hata ile inayokaa miaka kumi haitamwokoa mtu asiyejua namba yake imeandikwa wapi.

Siku hizi simkatazi mtu njia yoyote, kila moja ina kazi yake. Sikio lililokatwa humsaidia mchungaji kwenye malisho. Chapa ya moto husomeka bila umeme, mradi iwe ndogo, ipigwe chini ya goti au shavuni, na herufi ziwe wazi. Hereni husaidia kwenye chanjo na kwenye hesabu. Mimi nimeongeza kitu kisicho na ufundi wowote: kila ndama ana ukurasa wake. Mama yake, mwezi aliozaliwa, rangi, mabaka, pembe, chuchu, namba ya hereni, picha ya ubavu wa kushoto na wa kulia, na picha ya pua kwa karibu, maana mistari ya pua ya ng'ombe haifanani na ya mwingine, kama alama za vidole vyetu. Anayetaja ni mdogo wangu, mimi naandika. Nakala moja iko kwa mtendaji.

Kazi hiyo inachosha, na mara kwa mara naona aibu nikiuliza swali ambalo mtoto wa miaka tisa pale zizini angelijibu. Nauliza hivyo hivyo. Nawe kama una ng'ombe kijijini na mshahara mjini, kabla hujaenda Igoma kwa fundi, mpigie anayekuchungia umwombe akutajie ng'ombe wako mmoja mmoja. Ukishindwa kumfuata kufikia wa tatu, acha kwanza habari za chuma. Nunua daftari, panda gari, nenda ukakae zizini.