Cheti ninacho, tovuti sina!

Jumapili moja mdogo wangu wa mwisho alitua kwangu Tabata na vipeperushi vitatu mkononi, uso umejaa bashasha. Kamaliza kidato cha sita, sasa anataka kusomea kutengeneza tovuti.

"Kaka, mama kasema unichagulie chuo. Ada anayo."

Wapenzi wasomaji, moyo ulinipiga paa! Ada ya bi mkubwa naijua inakotoka. Inatoka kwenye kikoba, shilingi juu ya shilingi. Na mimi mwenyewe nilishawahi kuichukua, mwaka 2019, nikaenda kuula wa chuya.

Ilikuwa hivi. Niliona bango barabarani: kuwa mtaalamu wa tovuti ndani ya miezi mitatu, cheti kinatambulika duniani kote. Chuo chenyewe sikitaji, kisije kikanipeleka mahakamani bure. Nilipoingia nikakuta kiyoyozi kinapuliza, kompyuta zimepangwa mstari kama askari wa gwaride, dada wa mapokezi ananukia marashi, na soda nikapewa. Nani asingelainika? Nikauliza maswali mawili tu: ada ni kiasi gani, na cheti kinatoka lini. Nikatoa laki sita za watu.

Mwezi wa kwanza tukafundishwa kuwasha kompyuta na kuchapa barua. Wa pili tukajifunza kupanga ukurasa kwa majedwali, kama ratiba ya mtihani. Wa tatu ndio ukawa mtamu: Flash! Picha zinaruka, maandishi yanazunguka, mwalimu anatuambia hiyo ndiyo habari ya mjini. Kumbe bwana, Adobe wenye Flash yao walishatangaza Julai 2017 kwamba ikifika mwisho wa mwaka 2020 wanaizika. Na simu za iPhone hazikuwahi kuikubali tangu zilipotoka mwaka 2007. Yaani tulikuwa tunalipia ada kumremba maiti!

Nikiwa mwezi huo wa mwisho nikapata mteja, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo. Akanitangulizia laki moja. Wiki mbili nzima nilikesha kwenye kompyuta ya chuo, na pale kazi ilikuwa inang'aa kweli kweli. Mimi wakati huo simu yangu ni ya tochi, ningejuaje? Siku ya kukabidhi, yule mama akachomoa simu kwenye pochi, akafungua. Herufi kama sisimizi! Pale ilipotakiwa picha ya bahari inayocheza, pana boksi jeupe tupu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

"Mwanangu, wageni wangu wote wananipata kwa simu. Hii ya kutazamwa kwenye kompyuta nimwekee nani?"

Laki moja ikatakiwa irudi, na nilishaila. Nani aliirudisha? Bi mkubwa huyo huyo.

Baadaye sana ndiyo nikaelewa ugonjwa ulikuwa wapi. Kuna mstari mmoja tu unaandikwa juu ya ukurasa, kuiambia simu ijipime kwa upana wake yenyewe. Usipouandika, simu inajifanya kioo cha kompyuta, inachukua ukurasa mzima na kuubana mpaka usomeke kwa darubini. Na hata ukiuandika, yale majedwali tuliyofundishwa hayajikunji, yanatokeza nje kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda kifupi. Utaalamu wa ukurasa unaojikunja kufuata kioo ulipewa jina na Mmarekani Ethan Marcotte mwaka 2010. Miaka tisa baadaye, habari haijafika chuoni kwetu!

Nilikuja kujifunza upya nyumbani, usiku, kwa bando, kwenye masomo ya bure ya freeCodeCamp. Yapo kweli na ni mazuri. HTML ndiyo boma la nyumba, CSS ndiyo plasta na rangi, JavaScript ndiyo umeme na maji. Lakini nisikufiche msomaji, peke yako ni kazi. Unakwama saa nane za usiku kwa nukta mkato moja, hakuna wa kumuuliza, unafunga kompyuta, unairudia baada ya wiki tatu. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima. Ndiyo maana sikumwambia mdogo wangu achane na chuo.

Nilichomuuliza kwanza ni anataka kuchora sura ya tovuti au kuijenga, maana ni kazi mbili. Akajibu zote. Haya, Jumatatu tukaingia mjini.

Chuo cha kwanza: kiyoyozi, marashi, soda. Nikacheka moyoni. Mdogo wangu, nilishampa somo usiku, akamwambia dada wa mapokezi, "Naomba kuona tovuti tatu za wanafunzi waliomaliza mwaka jana, nizifungue kwenye simu yangu hii." Yule dada akanitazama kama mimi ndiye wakili wake. Meneja akaitwa. Akasema wanafunzi wote wako makazini, hawana nafasi ya kuonesha. Tukaondoka soda ikiwa nusu.

Cha pili usajili wake wa NACTVET tuliuangalia, uko safi. Ratiba sasa! WordPress mwanzo hadi mwisho. WordPress siidharau, iko sokoni tangu mwaka 2003 na mimi mwenyewe inanilisha. Ila anayeijua hiyo peke yake, mteja akitaka kitu nje kidogo ya mle, anaanza kutokwa jasho.

Cha tatu kiko ghorofa ya nne, lifti hakuna, viti vya plastiki. Mwalimu ni kijana kavaa makubazi. Alipoulizwa lile swali akafungua tovuti nne papo hapo. Tatu safi, ya nne imepinda. Akacheka: "Huyu alikuwa mtoro." Kila mwanafunzi haondoki mpaka awe na tovuti yake hewani, na nyingine ya mteja wa kweli. Mdogo wangu macho yakamtoka.

Na cheti? Hapo ndipo penye mfupa. Chuo kimesajiliwa, lakini kozi hiyo ni fupi, cheti chake ni cha chuo tu. Nami najua siku akitaka kuomba kazi serikalini, hakuna atakayefungua tovuti yake. Wataomba karatasi.

Nikampigia bi mkubwa, nikamweleza vyote bila kuficha, pamoja na kwamba mwalimu anakubali alipwe mwezi kwa mwezi. Akanyamaza kidogo.

"Kile cheti chako cha mwaka ule kiko wapi?"

"Kipo kabatini, mama."

"Ehee. Mwambie huyo mwalimu wa makubazi nakuja Jumamosi mwenyewe. Nakuja na simu yangu."