Mwezi wa Ng'ambo ya Mutukula

Ndugu zetu wasomaji, shule zifungwapo na siku za Idi zikaangukia humo, vijana wengi wa kwetu Kagoma hutamani safari, na nchi ya kigeni iliyo karibu nao ni Uganda. Sisi twaona si vibaya, bali ni jambo la heri likifanywa kwa nia ya kuunga jamaa. Mpaka wa Mutukula ni mstari waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, nao hawakuuliza shangazi wa nani amebaki upande upi. Na dini yetu ilipofika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, ililetwa na wafanyabiashara waliopitia Karagwe. Basi udugu huu ni mkongwe kuliko mpaka.

Twakumbuka mwaka 1978, tulipokuwa watoto, majeshi ya Uganda yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Siku zile za vita jamaa wa ng'ambo tulibaki kuwaombea dua tu. Leo, alhamdulillahi, kijana huondoka Bukoba asubuhi akavuka Kyaka. Na tangu mwaka 2017 maofisa wa nchi mbili hukagua wasafiri katika kituo kimoja. Mwenye hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano hufika Masaka kabla ya magharibi.

Lakini liko jambo lisilokaguliwa mpakani, nalo ni mwezi. Saa za nchi mbili ni moja, ila kwetu mwezi hutangazwa na Mufti wa Tanzania, na kule na Mufti wa Uganda. Na hutokea matangazo yakahitilafiana kwa siku moja.

Mwaka mmoja tulifuatana na vijana watatu wa ukoo wetu kwenda kwa shangazi yetu, karibu na Masaka, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Wenyeji walikuwa wametutangulia kufunga kwa siku moja. Walipotimiza 29 Idi ikatangazwa, na sisi tulikuwa na 28 tu. Usiku ule, shangazi akimenya ndizi za sikukuu, kijana mkubwa akamwomba amwekee daku.

Shangazi akaweka kisu chini. "Mwanangu, utafunga nyumbani kwangu siku ya Idi?"

Kijana akatugeukia. "Mwalimu, kwetu kesho wanafunga. Nitafungua vipi kwa mwezi wa watu?"

Hatukumkemea, kwani uchaji si jambo la kukemewa. Tulimsimulia habari ya Kuraib, aliyekuwa Sham ambako mwezi wa Ramadhani ulionekana usiku wa Ijumaa, kisha akarejea Madina na kukuta huko ulionekana usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas hakuufuata mwezi wa Sham; alishika wa Madina, akasema kuwa ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyowaamrisha. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa msafiri akifika kwa watu waliouona mwezi, husherehekea Idi pamoja nao, kisha hulipa siku moja. Maana mwezi haupungui siku 29, na kufunga siku ya Idi ni haramu.

Kijana akafikiri kitambo. "Na siku yangu iliyopungua?"

"Hiyo ni deni lako kwa Mola. Utailipa Kagoma."

Asubuhi akaswali safu moja na binamu zake, akala ndizi na nyama mpaka shangazi akacheka. Tuliporejea tulifunga sote siku ile moja, na hakuna aliyeiona nzito.

Wazazi wenzetu, mnapomfungasha kijana mizigo yake, msimpe nauli na kanzu mpya peke yake. Mpeni na elimu ya safari: kwamba swala haina likizo, kwamba mgeni hufuata mwezi wa mji aliofikia, na kwamba atokaye ng'ambo akatukuta tungali tumefunga, naye afunge pamoja nasi. Nanyi vijana, dini haikuwekwa ili mgeni amvunje moyo mwenyeji wake. Ulizeni kabla ya kubishana.

Mwenyezi Mungu azidishe mapenzi baina ya jamaa wa pande mbili za Mutukula, na awarejeshe wasafiri wetu kwa salama. Amin.