Mvuke wa Leeds, jua la Kiritiri

Hapa Leeds maji ya moto yanatoka bombani usiku na mchana, lakini kumwita fundi aje kubandua wolpepa ni gharama inayouma. Kwetu Kiritiri, Mbeere, mambo ni kinyume: fundi yuko pale sokoni, mnaelewana bei na anaanza kazi, maji ndiyo yanayohesabiwa kwa mtungi. Kwa hiyo dada yangu aliponiuliza jinsi ya kuondoa wolpepa kuukuu sebuleni bila kuharibu rangi iliyo chini, sikumpa njia ya huku nzima nzima.

Waingereza na wolpepa wametoka mbali. Serikali yao iliitoza kodi kuanzia 1712 hadi 1836, na wajanja wakawa wananunua karatasi tupu na kuzichora maua wenyewe. Katika nyumba nyingi za matofali mekundu za Leeds utakuta karatasi juu ya karatasi, nyingine zimepakwa rangi. Mwenye nyumba huingia kazini mwenyewe wikendi. Hukodi mashine ya mvuke: tangi dogo la umeme lenye mpira mrefu na bapa la plastiki. Kwanza anaichanja karatasi ili mvuke upenye, kisha analishikilia bapa ukutani mpaka gundi ilainike, halafu anakwaruza. Lazima awe mwangalifu, kwani mvuke ukizidi huharibu plasta ya jipsamu. Isitoshe, rangi za zamani zilikuwa na risasi, na rangi hizo ziliondolewa madukani Uingereza mwaka 1992 tu. Kuzipiga msasa zikiwa kavu ni kuvuta vumbi la sumu.

Nyumbani historia ni nyingine. Wengi wetu tulijifunza kusoma kwenye kuta za mbao zilizobandikwa magazeti kwa uji wa unga wa ngano, na mchwa wakala karatasi na uji pamoja. Siku hizi wanaojenga kwa mawe hubandika stika za plastiki zenye picha ya matofali au marumaru. Gundi ya stika hizo si ya wanga, kwa hiyo maji na mvuke haviisaidii kitu. Kinachoilainisha ni joto. Huku tunatumia mashine ya kukaushia nywele. Kiritiri, kule chini Mbeere upande wa mabwawa ya Mto Tana, jua linafanya kazi hiyo bure. Nilimwambia dada asubiri alasiri, ukuta unaotazama magharibi ukiwa umepata moto, aanzie kona ya juu na kuikunja stika irudi sambamba na ukuta, polepole, badala ya kuivutia kifuani.

Kama ni wolpepa ya karatasi, maji yatahitajika, ila machache. Weka maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwenye chupa ya kupulizia, lowesha kipande kimoja, kisha kifunike kwa nailoni. Bila nailoni, hewa kavu ya kule itayanywa maji kabla ya gundi kulainika. Zima umeme kwanza ikiwa kuna soketi karibu.

Halafu angalia rangi yenyewe. Sebule nyingi zimepakwa rangi ya mafuta sehemu ya chini na rangi ya maji juu. Ya mafuta haifyonzi maji, hivyo karatasi huachia vizuri, na gundi ya stika iliyobaki hutoka kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Ya maji haina uvumilivu huo: lowesha kidogo tu, usiiguse kwa mafuta, na ujue mabaka fulani yatang'oka yakihitaji kuzibwa na kupakwa upya.

Fundi huenda akasema, "Acha hiyo, tupige skimu juu yake." Mkatalie. Unyevu wa skimu, ile plasta nyembamba ya kusawazisha ukuta, utailegeza karatasi na ukuta utafura. Na mlipe kwa siku, si kwa kazi. Anayelipwa kwa kazi ana sababu ya kukimbia, na kikwaruzo kinachokimbia hung'oa rangi pamoja na plasta. Mimi huku muda wa fundi siuwezi; dada anaumudu, basi aununue wote anaouhitaji ukuta wake.