Tulikwenda Watano, Tukamaliza Wanne: Miaka Yetu ya Bweni



Kila ifikapo wakati wa watoto kupangiwa shule za sekondari, swali moja huzunguka katika nyumba zetu, kutoka Mambrui hadi Malindi, Watamu, Kilifi na Takaungu: je, binti apelekwe shule ya bweni, au abaki nyumbani asome kutwa? Sisi tunaoandika haya ni wanawake wanne wa Malindi tuliosoma pamoja katika shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa bara wa Kilifi, kuanzia mwaka 1996 hadi 1999. Shule yenyewe hatutaitaja, kwa kuwa haja yetu si kuisifu wala kuishitaki. Twataka kuwaeleza wazazi wenzetu yale tuliyoyapata huko, yale yaliyotupita, na yale ambayo mzazi anapasa kuyauliza kabla hajamfungia mwanawe sanduku.

Safari yetu haikuwa nyepesi kukubaliwa. Wazee wetu walikuwa na hofu ya shule za mbali, na hofu hiyo haikuzuka bure. Katika nchi yetu hii ya pwani, shule za mwanzo za mtindo wa kizungu ziliandamana na wamishenari: Rabai tangu mwaka 1846, Ribe tangu 1862, na Freretown tangu 1875. Mtoto alifunzwa kusoma na kuandika, na papo hapo akafunzwa dini nyingine. Mzazi wa Kiislamu aliyemzuia mwanawe asiende hakuwa adui wa elimu. Alikuwa akilinda amana. Lakini hofu hiyo ilirithiwa kizazi hata kizazi, na mzigo wake ukawaelemea zaidi mabinti. Mvulana aliweza kupelekwa Mombasa kusomea ufundi. Msichana aliambiwa kwamba chuo cha Qur'ani na jiko la mamaye vyamtosha.

Sisi tuliruhusiwa kwa sababu tulikuwa watano na tulikuwa pamoja. Matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalipotoka, bibi ya mmoja wetu aliwaita wazazi wa wengine wote barazani kwake akawaambia: "Mmoja hatamtoka nyumbani. Wakitoka watano, watachungana." Wakakubaliana. Basi tukapanda matatu na masanduku yetu ya bati, yamejaa leso, sabuni, kashata na visheti, na juu kabisa, katika kitambaa safi, msahafu na mswala.

Maisha ya bweni yalianza na kengele kabla ya alfajiri. Wasichana zaidi ya sitini tulilala katika ukumbi mmoja, vitanda vya ngazi mbili, na kila mtu alikuwa na ndoo yake ya maji aliyoilinda kama mali. Kwetu sisi ndoo ile ilikuwa na kazi mbili, kuoga na kutawadha. Siku ambazo bomba lilikauka tulijifunza kutawadha watu watano kwa maji ya birika moja. Hapakuwa na chumba cha kuswalia. Tuliswali katika nafasi kati ya vitanda, wawili mbele na watatu nyuma, na wenzetu wasiokuwa Waislamu wakazoea kupita pembeni bila ya kelele. Hatukuamrisha mtu, tulidumu tu katika wakati wetu, na kudumu huko kukaleta heshima.

Ramadhani ya mwaka 1997 ilianza katika wiki ya pili ya Januari, shule imekwisha kufunguliwa. Jikoni hapakuwa na mpango wa daku wala wa futari. Chakula cha jioni kilitolewa saa kumi na mbili kasoro, na asiyekila kwa wakati huo alikikosa. Aliyetunusuru ni metroni wetu, mama Mkristo wa kutoka bara, ambaye hakuna aliyemwomba. Aliwaambia wapishi watuwekee maharagwe yetu katika sufuria yenye kifuniko, na usiku wa manane alikuja mwenyewe na kurunzi, akatugusa miguu mmoja mmoja akisema, "Amkeni, wanangu, mle." Alifanya hivyo kila usiku hadi mwezi ukaandama. Hadi leo tukimkumbuka twamwombea kheri, na twawaambia watoto wetu kwamba hisani haina kabila wala mipaka.

Hilo ndilo somo la kwanza la bweni, nalo halimo katika vitabu. Tulilala kitanda cha juu na cha chini na Wagiriama, Wataita, Wakamba na Wakikuyu. Tulikwenda huko na Kiswahili cha kwetu, tukarudi na salamu za lugha nyingi. Agosti ya mwaka huohuo wa 1997 vurugu zikazuka Likoni, na watu wa bara waliokuwa wakiishi pwani wakafukuzwa, wengine wakauawa. Muhula wa tatu ulipofunguliwa Septemba, vitanda kadhaa bwenini mwetu vilikuwa vitupu. Waliokwenda hawakuwa "watu wa bara" kwetu. Walikuwa fulani aliyetusaidia hesabu, na fulani aliyetuazima daftari. Tangu siku hiyo, mtu akitaka kutuchochea dhidi ya jirani kwa sababu ya asili yake, maneno yake hayatuingii, kwani twakumbuka vitanda vile.

Lakini haifai kusema faida tukanyamaza juu ya hasara. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tulitoka mikononi mwa mama zetu tungali na miaka kumi na minne, na yako mambo ambayo mama humfunza binti kwa kuwa naye tu, bila ya kukusudia: jinsi ya kumpokea mgeni, jinsi ya kuketi na mgonjwa, jinsi ya kuipima chumvi kwa jicho. Twahara ya mwanamke tulielezana wenyewe kwa wenyewe, mwenye kujua kidogo akimfunza asiyejua kabisa, na mengine tukayajua kwa usahihi tulipokuwa watu wazima. Chuo nacho kilikatika. Wawili wetu walikuwa wamekaribia kukhitimu Qur'ani. Wakangoja hadi mwaka 2000 ndipo wakamaliza.

Na liko pengo jingine ambalo halizibiki. Bibi yule aliyetuita barazani alifariki tukiwa kidato cha pili. Maiti wetu hatulazi. Alizikwa siku ileile baada ya swala ya alasiri. Habari ilifika shuleni kwa simu ya ofisi asubuhi, lakini mjukuu wake aliitwa jioni, baada ya masomo, kwa hoja kwamba asivurugwe darasani. Alipofika Malindi kesho yake, kaburi lilikuwa limekwisha kumwagiwa maji.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Machi 1998, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Bombolulu, ile ya Kwale, si mtaa wa Mombasa wenye jina hilo. Wasichana 26 walifariki. Walikuwa rika letu na watu wa pwani yetu, wakivaa sare na kulala vitanda kama vyetu. Iliripotiwa kwamba madirisha yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Habari ilipotufikia, tuliinua macho tukayatazama madirisha yetu. Yalikuwa na nondo. Mlango wetu ulikuwa mmoja uliotumika, na kila usiku ulitiwa kufuli kwa nje, ufunguo ukaenda kulala nyumba ya mbali. Kwa miaka miwili tulikuwa tumelala hivyo na hapana aliyeliona kuwa jambo. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba kufuli lile ni kwa usalama wetu, wasije watu wabaya.

Usiku huo na nyingine nyingi baadaye hatukulala vyema. Tulipangana zamu: mmoja wetu akae macho hadi saa sita, mwingine apokee. Tulipotoka likizo ya Aprili tukawaeleza wazazi. Baba wa mmoja wetu, mvuvi asiyepata kukanyaga darasa, alikuja kwenye mkutano wa wazazi wa muhula uliofuata akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Wazazi wengine waliuliza juu ya karo na alama. Yeye alisimama akasema, "Mwalimu, mimi kwangu nina kuku. Banda lao nalifunga usiku, lakini nalala hatua tatu kutoka hapo. Hawa wanangu, ufunguo wao unalala wapi?" Ukumbi ulinyamaza. Kabla ya mwezi kwisha kufuli lilihamishwa ndani, ufunguo akapewa kiranja, na mlango wa pili uliokuwa umezibwa kwa makabati ukafunguliwa.

Twayasimulia haya kwa sababu mambo hayakwisha mwaka ule. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule unaoeleza wazi kwamba bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na nondo. Na bado, Septemba 2024, watoto 21 walikufa kwa moto katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo upo. Asiyekuwapo, mara nyingi, ni mzazi wa kuuliza kama yule mvuvi.

Basi wazazi wetu, sasa ambapo mfumo mpya unawapeleka watoto sekondari ya juu kuanzia Gredi ya 10, msiridhike na wastani wa alama wa shule. Nendeni mkaingie bwenini kwa miguu yenu. Ihesabuni milango, itikiseni, ulizeni ufunguo. Ulizeni mtoto wa Kiislamu ataswali wapi, na mwezi wa Ramadhani daku italiwa saa ngapi. Ulizeni kuhusu hijabu, na jibu mlitake kwa maandishi, kwani Katiba ya 2010 imelinda uhuru wa dini, lakini kesi ya hijabu iliyotoka Isiolo haikutuachia jawabu thabiti: Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wanafunzi mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa sababu ya namna shauri lilivyofikishwa mahakamani. Ulizeni pia, kukitokea msiba nyumbani, mtoto ataambiwa mara moja au atangojeshwa.

Na kina mama, kabla binti hajaondoka, mfundisheni yale ambayo hakuna metroni atakayemfundisha. Wiki moja ya mazungumzo ya faragha yatosha kumwepusha na miaka ya kubahatisha.

Limebaki neno la mwenzetu wa tano. Yeye ndiye aliyekuwa mwerevu kutushinda. Katikati ya kidato cha tatu alirudishwa nyumbani kwa karo, na hakurudi tena; chombo cha babake kilikuwa kimevunjika katika mvua kubwa za El Niño, na nyumbani walikuwapo wadogo sita. Sisi wanne tulifanya mtihani mwaka 1999. Mmoja wetu leo ni muuguzi, mmoja mwalimu, mmoja ana duka la vitambaa, na mmoja analea na kusomesha wanawe nyumbani. Yeye wa tano aliolewa mwaka uliofuata, na twajua kwamba karo iliyomtoa ilikuwa pungufu ya gharama ya harusi moja ya kawaida katika mji wetu.

Kila msikiti wetu una watu wanaojua ni nyumba ipi binti amerudishwa na sanduku lake. Zaka na sadaka zipo, na mwaka wa shule haungoji. Tukilijua hilo jina moja katika mtaa wetu, tusilale nalo hadi muhula uishe.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awahifadhi watoto wetu waliopo mabwenini usiku huu, na awape walezi wao macho ya kuona. Amin.