Udongo Mweupe wa Nyanya



Watu hupenda kutuuliza sisi makatekista: "Mwalimu, desturi za kumtakia heri bibi arusi, je, ni dhambi?" Zamani nilijibu upesi. Siku hizi nauliza kwanza: "Desturi gani, nayo yasema nini?" Nitawaeleza jinsi nilivyojifunza kuuliza hivyo.

Miaka sita iliyopita dada yangu mdogo aliolewa hapa Kindu. Mali ilikuwa imekwisha kutolewa, na siku ya Misa imepangwa. Jioni ya mwisho nyanya yetu alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, amebeba kikapu kidogo. Ndani mlikuwa na mpunga na bonge la udongo mweupe, ambao wazee huuita pemba. Alitaka kumpaka mjukuu wake udongo ule pajini, kumnyunyizia maji kwa kinywa chake, na kumtia mpunga viganjani. Mimi, niliyesoma seminari ndogo na kujua Kilatini kidogo, nikasimama mlangoni, nikasema: "Nyanya, huu ni upagani. Hauingii nyumba hii." Hakubisha. Alifunika kikapu chake, akaketi nje mpaka asubuhi.

Dada yangu akapata mimba, ikaharibika. Akapata ya pili, nayo ikaharibika. Hapo maneno yakaanza kisimani na sokoni: "Alinyimwa baraka ya nyanya yake." Mume akawa mtu wa kununa. Usiku mmoja dada akanijia, akaniuliza: "Yaya, ni wewe uliyenifunga?" Neno hili lilinichoma moyo.

Kesho yake nilivuka mto, nikapiga magoti mbele ya nyanya, nikaomba msamaha. Kisha nikamwuliza maana ya vitu vile. Akasema: "Mjukuu wangu, udongo ni udongo tu. Weupe wake wasema: sina kinyongo nawe, hakuna neno lililobaki tumboni mwangu. Maji ya kinywa ni maneno yangu mema. Mpunga wasema: uzae, na usile peke yako. Nawe, Padri hukunyunyizia maji, hukupaka majivu Jumatano ya Majivu. Je, majivu ndiyo yanayokuokoa?" Sikuwa na jibu.

Baadaye niliona kwamba mataifa yote yana alama zao. Bibi arusi wa Roma ya kale alivaa utaji wa rangi ya moto. Gauni jeupe, ambalo vijana wetu hulidhani ni sheria ya Kanisa, lilienea Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa siku ya arusi yake mwaka 1840. Waingereza humpa bibi arusi kitu cha zamani, kitu kipya, kitu cha kuazima na kitu cha buluu: cha zamani ni jamaa aliotoka, kipya ni nyumba anayoiendea. Wanawake wa pwani humpamba kwa hina. Hata mpunga wetu uliletwa Maniema na wafanya biashara waliotoka pwani katika karne ya 19. Basi nyanya wa zamani zaidi walishika kitu kingine mikononi. Chakula kilibadilika, ombi likabaki.

Na Maandiko yasemaje? Rebeka alipoondoka kwao, jamaa zake walimbariki awe mama wa watu wengi. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitaka desturi njema za ndoa za kila nchi zihifadhiwe.

Lakini tusichanganye mambo. Iko desturi nyingine: dawa ya mganga ishonwayo mshipini ili kumfunga mume, na kumtafuta mchawi kila mtoto anapokosekana. Hiyo si sala, ni biashara ya hofu. Nyanya aliomba, mganga huuza. Wala mimba haiharibiki kwa kukosa udongo. Malaria peke yake yaweza kuiharibu, na hospitali ina kazi yake.

Basi nyanya akavuka tena, na safari hii mimi ndimi niliyembebea kikapu. Mbele ya mume na majirani akampaka dada yangu udongo ule, akamnyunyizia maji, akamtia mpunga viganjani. Juma lile lile mume na mke wakaenda hospitali pamoja.

Mtaniuliza: mtoto je? Bado hajapatikana. Lakini mume ameacha kununa, majirani wamenyamaza, na dada yangu haniulizi tena kama nimemfunga. Bahati hungoja kuona mtoto ndipo isifiwe. Baraka hukaa na mtu hata katika kungoja.

Ndugu zangu, mkiona mzee yuko mlangoni na kikapu chake, msimfukuze kama nilivyofanya mimi. Mwulizeni kwanza kilichomo chasema nini.