James Braidwood, Mkuu wa Wazima Moto

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za bwana mmoja wa Scotland, James Braidwood, aliyezaliwa mjini Edinburgh mwaka 1800 na kufa mjini London mwaka 1861, akiwa juu ya kazi yake. Huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Lakini mengi tunayoyaona leo kwa askari wa zimamoto, kwamba wana mkuu mmoja, kwamba hufanya mazoezi siku ambazo hapana moto, na kwamba huingia ndani wawili wawili, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyaweka yawe kanuni.

Baba yake alikuwa fundi wa samani, naye mwenyewe alifundishwa mambo ya ujenzi, akajua boriti zinavyolala na kuta zinavyobeba. Elimu hiyo ilimfaa sana, kwa maana aijuaye nyumba ikiwa nzima ndiye awezaye kukisia itaangukia upande gani ikiungua. Katika mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alipewa ukuu wa kikosi cha zimamoto cha Edinburgh. Kikosi hakijatengenea bado, mwezi wa Novemba moto mkubwa ukazuka katikati ya mji. Uliwaka siku kadhaa, ukaacha mamia ya jamaa hawana pa kulala, na hata mnara wa kanisa la Tron ukateketea.

Msiba ule ulizidishwa na wingi wa wenye kuamuru. Mahakimu walikuja na amri zao, na wakubwa wengine wa mji na zao, na wale askari wageni wa kazi wasijue wamtii nani. Nasi twalielewa vema jambo hilo. Miaka kadhaa iliyopita nyumba moja katika mtaa wetu ilishika moto kwa jiko la mafuta ya taa. Watu walijaa uani, kila mmoja jemadari: huyu asema vunjeni dirisha, yule asema msivunje, magodoro yakatolewa kwa ushujaa mkubwa, na bibi kizee akasahauliwa chumbani, hata mjukuu wake akakumbuka. Alitoka salama, alhamdulillahi, lakini si kwa busara yetu tuliokuwa pale.

Baada ya moto ule wa Edinburgh ilikubaliwa kwamba penye moto amri ni ya mkuu wa zimamoto peke yake. Basi Braidwood akaanza kazi yake hasa. Aliwachagua waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi, wahunzi na mafundi bomba, watu waliozoea kupanda na kujua majengo. Akawafanyisha mazoezi saa kumi za usiku, mji ukiwa umelala, kwa kuwa mioto mibaya mingi huja gizani, na kwa kuwa saa hiyo hapana watazamaji wa kuziba njia. Sisi tuliozoea kuwaamsha watoto kwa chuo cha alfajiri twajua wale vijana walivyonung'unika!

Zamani zile desturi ilikuwa kusimama barabarani na kurusha maji juu ya moshi. Maji mengi yalipotea, na moto ukaendelea kula ndani kwa raha yake. Braidwood akafundisha kwamba maji hayana budi kufika kwenye shina la moto, na kwa hiyo mtu hana budi kuingia. Lakini asiingie peke yake, ili mmoja akizimia kwa moshi mwenzake amtoe. Na atambae, kwa kuwa hewa iliyo karibu na sakafu ndiyo safi zaidi. Mambo ya kazi hii aliyaandika katika kitabu mwaka 1830.

Mwaka 1833 aliitwa London. Huko kila kampuni ya bima ilikuwa na wazima moto wake, na sasa kampuni kadhaa ziliungana na kuweka kikosi kimoja cha watu 80 chini yake. Kazi waliyolipiwa ilikuwa kulinda mali iliyokatiwa bima. Tarehe 16 Oktoba, 1834, jumba la Bunge la Uingereza liliwaka, kwa sababu ya vijiti vya hesabu vya kale vilivyokuwa vikichomwa katika tanuu zake. Jumba lile halikuwa na bima. Braidwood hakuwa na wajibu wowote pale, naye alikwenda na mabomba 12 na watu 64. Sehemu kubwa iliteketea, lakini ukumbi wa kale wa Westminster ulisalimika, na upo hata leo.

Kwa miaka mingi aliwaonya watu juu ya maghala makubwa yasiyogawanywa kwa kuta. Mwaka 1849 aliwaeleza wahandisi kwamba nguzo za chuma, zilizosifiwa kuwa haziungui, hupoteza nguvu zikipata joto kali na kuangusha jengo zima. Maonyo yake hayakutosha.

Jumamosi, tarehe 22 Juni, 1861, moto ulizuka katika maghala ya gati la Cotton's, karibu na barabara ya Tooley, kando ya mto Thames. Ndani mlikuwa na katani, pamba, shahamu, sukari na shura. Milango ya chuma iliyowekwa makusudi kuuzuia moto usipite ilikuwa imeachwa wazi. Na mto ulikuwa umekupwa, maji yakapatikana kwa shida. Jioni, Braidwood alipokuwa akiwapitia watu wake kuwatia moyo, ukuta ulimwangukia. Maiti yake haikupatikana ila baada ya siku mbili, na moto uliendelea kwa muda wa wiki mbili. Alizikwa tarehe 29, umati mkubwa ukimsindikiza, karibu na mwanawe wa kambo, ambaye naye aliuawa akizima moto mwaka 1855.

Hasara ilipita pauni milioni mbili. Kampuni za bima zilipoona hesabu hiyo zilipandisha ada, kisha zikaiambia serikali kwamba mzigo umezishinda. Sheria ikapitishwa mwaka 1865, na tangu Januari 1866 London ikawa na kikosi cha umma, chenye wajibu wa kulinda maisha ya watu pamoja na mali. Twaona ajabu kwamba neno hilo, maisha, lilichelewa hivyo kuandikwa. Yeye alikuwa amelifanyia kazi miaka 37 bila ya kuandikiwa. Edinburgh nayo ilimsimamishia sanamu katika mwaka 2008, si mbali na mahali ulipowaka ule moto wa 1824.